Nimepewa ukuta wa shule nichore "Nchi Yetu". Wamarekani walifanyaje na milima yao?

MamaRangi_Goma:

Wapendwa, hamjambo. Mimi ni mchoraji wa kuta hapa Goma. Majina ya saluni, kuku wa kuchoma kwenye mlango wa mgahawa, simu na betri kwenye vibanda: kazi hiyo ndiyo inayolisha watoto wangu tangu 2003. Nilianza mwaka mmoja baada ya lava ya Januari 2002 kupita katikati ya mji. Kila aliyefungua duka upya alitaka jina lake liandikwe upya, na mimi nilikuwa na mkono uliotulia na makopo matatu ya rangi.

Sasa nimepewa kazi ambayo sijawahi kupewa, na usingizi umenipotea.

Direkta wa shule moja ya msingi amejenga ukuta wa mawe ya volkano na kuupiga lipu upande wa uwanja. Urefu mita nane, kimo mita mbili na nusu. Juu anataka yaandikwe NCHI YETU, chini nichore. Nikamuuliza nichore nini. Nilidhani atataja ramani, bendera na kichwa cha chui, kama kuta za shule nyingine zote. Akanijibu: "Mama, hivyo watoto wanavyo kwenye daftari. Chora kitu ambacho mtoto akikitazama atasema, hapa ni kwetu."

Nyumbani nina kitabu kikubwa kisicho na jalada, nilikinunua Birere kwenye mitumba. Kimejaa mandhari zilizochorwa na Wamarekani wa karne ya 19. Kiingereza sikijui, kijana wangu ndiye anayenisomea. Kuna ukurasa mmoja umenishika, siwezi kuupita. Ni picha ya Frederic Edwin Church ya mwaka 1862, inaitwa Cotopaxi, jina la volkano ya Ecuador. Moshi unatoka mlimani na kulala juu ya nchi nzima. Jua limezama ndani ya moshi huo, jekundu, na wekundu wake umemwagika ziwani. Mimi nimeiona mbingu ile. Niliiona tarehe 22 Mei 2021, volkano yetu Nyiragongo ilipolipuka, Jumamosi jioni, nikiwa na godoro kichwani na mtoto wa mwisho mgongoni, tukishika njia ya Sake. Sikujua kwamba kuna mtu aliyewahi kuichora.

Kijana akanisomea kwamba Church aliimaliza picha hiyo wakati Wamarekani wanapigana wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini, na kwamba watu waliona vita vyao ndani ya moto ule. Hapo ndipo niliposhindwa kuelewa. Volkano ya nchi nyingine kabisa, na Mmarekani anaitazama anaona habari ya taifa lake! Nimefungua kurasa nyingine: maporomoko, mabonde, milima yenye theluji. Maelezo karibu yote yanasema picha hizi ziliwafundisha Wamarekani wao ni nani.

Sasa linganisheni na kwetu. Ingieni saloni (sebule) ya mtu hapa Goma, hata mwenye dirisha linalotazama Nyiragongo moja kwa moja. Ukutani utakuta milima ya Uswisi kwenye kalenda, au ile picha ya maporomoko yenye taa ndani, maji yanaonekana kama yanatembea. Nyiragongo naichorea wageni, na sharti niweke gorila mbele. Katika miaka yote hii mtu wa hapa aliyeniomba mlima ni mmoja tu, mama mjane. Aliniambia: "Nichoree Nyiragongo, na mbele yake nyumba yangu." Nyumba yenyewe ilikuwa chini ya lava tangu 2002. Alinielekeza mlango ulikuwa upande gani, dirisha lilikuwa na pazia la rangi gani, mparachichi ulisimama wapi. Nilichora siku tatu. Alipoiona hakusema kitu, aliifunika kwa kitenge akaibeba.

Maswali yangu mawili. Je, kweli picha ndizo zilizowafanya Wamarekani waipende nchi yao, au wachoraji walifuata tu watu walichokuwa wameshakipenda? Na mimi, kwenye mita nane hizo, nianze na nini?

---

Mwalimu_Kadutu:

Mama Rangi, pole na kazi, na asante kwa swali. Nafundisha historia sekondari hapa Bukavu. Nitaandika kirefu, nivumilie.

Anza na shida waliyokuwa nayo. Marekani ilipata uhuru mwishoni mwa karne ya 18. Watu wake walitoka huku na huko, na kila wakijilinganisha na Ulaya waliona aibu: Ulaya ina makanisa ya miaka mia saba, ina magofu ya Roma, ina wafalme wenye makaburi. Wao wana nini? Wana misitu. Basi wachoraji na waandishi wakaanza kusema kwamba misitu hiyo ndiyo makanisa yetu, na ni mizee kuliko magofu yoyote ya Roma. Aibu ikageuzwa fahari.

Aliyelianzisha hilo kwa brashi hakuzaliwa hata huko. Ni Thomas Cole, Mwingereza, aliyefika Marekani mwaka 1818 akiwa kijana wa miaka 17. Mwaka 1825 alipanda mto Hudson hadi milima ya Catskill, akarudi New York na picha zilizowashangaza matajiri wa mji. Waliomfuata ndio wanaoitwa wachoraji wa mto Hudson, na Church wako alikuwa mwanafunzi wake. Kama kitabu chako kina picha yenye mto uliojikunja kama kwato, ya mwaka 1836, itazame vizuri. Kushoto kuna dhoruba, msitu mweusi na mti uliovunjika. Kulia kuna jua, mashamba na moshi wa nyumba. Macho yanatembea kutoka kwenye pori kwenda kwenye shamba. Hakuna maandishi, lakini mtazamaji amekwisha kuambiwa nchi yake inaelekea wapi. Cole mwenyewe aliogopa mwelekeo huo. Miaka hiyohiyo alichora picha tano za himaya moja inayozaliwa, inanenepa, inachomwa na kubaki magofu, huku mlima uleule ukisimama nyuma katika zote tano.

Swali lako la kwanza. Jibu langu: picha zilifanya kazi kubwa, ila hazikuifanya peke yake. Mwaka 1857 Church alichora maporomoko ya Niagara kwenye turubai yenye upana wa zaidi ya mita mbili, akaondoa ukingo wa kusimamia, hata mtazamaji anahisi maji yako miguuni pake. Mwaka 1859 picha yake ya milima ya Andes iliwekwa New York kwenye chumba chenye mapazia, na watu walipanga foleni wakilipa senti 25 kila mmoja. Sinema ilikuwa bado haijazaliwa, na picha moja ya namna hiyo ndiyo ilikuwa sinema. Kisha vita vilipoanza mwaka 1861, alichora mawingu ya alfajiri yakiwa mistari myekundu, kipande cha anga ya buluu chenye nyota, na mti mkavu umesimama kama mlingoti. Bendera ya taifa iko angani, hakuna aliyeipandisha. Nakala zake zilichapwa na kuuzwa kwa watu wa kawaida. Mwaka mmoja baadaye ndipo inakuja Cotopaxi yako. Wateja wake walikuwa wamekwisha kuzoeshwa kusoma mbingu kama gazeti.

Hapo nyuma ya picha kulikuwa na nini? Kulikuwa na reli iliyotafuta abiria, kulikuwa na serikali iliyotaka ardhi ya magharibi. Mwaka 1871 mchoraji Thomas Moran alifuatana na msafara wa serikali hadi Yellowstone, pamoja na mpiga picha William Henry Jackson. Rangi za maji za Moran na picha za Jackson zilionyeshwa kwa wabunge, na tarehe 1 Machi 1872 Rais Grant akatia saini sheria ya mbuga ya taifa ya kwanza duniani. Bunge likainunua picha kubwa ya Moran ya korongo la Yellowstone kwa dola 10,000. Kabla yake, mwaka 1864, Lincoln alilitenga bonde la Yosemite, na picha za kamera za Carleton Watkins zilikuwa zimewafikia wakubwa wa Washington, ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga huko.

Sasa sikiliza upande wa pili, kwa sababu wewe unachorea watoto. Bonde lile la Yosemite lilikuwa na wenyewe, Ahwahneechee. Mwaka 1851 kikosi cha wazungu wa California kiliwavamia, kikachoma vijiji na akiba ya chakula. Miaka kumi baadaye kamera ya Watkins inaonyesha mawe makubwa, maji yaliyotulia na miti, kama kwamba Mungu amemaliza kuumba jana yake na hakuna aliyeingia. Tangu 1830 kulikuwa na sheria ya kuwahamisha wenyeji wa mashariki kwenda ng'ambo ya Mississippi. Katika picha nyingi za mandhari hawaonekani kabisa, au wapo wachache kwa mbali kama wanaoaga. Nchi ilipochorwa tupu, aliyeitazama picha aliamini ni tupu.

Kwa hiyo mimi nakuuliza kabla hujaanza na mlima: nani atakuwa ndani?

---

Chukudu_Kibumba:

Mama, mimi si msomi. Kila siku nateremsha kabichi na makala (makaa) kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, kutoka Kibumba hadi mjini. Mlima nauona mgongoni asubuhi na usoni jioni. Ukichora Nyiragongo bila chukudu, mtoto wangu atajuaje ni huku? Volkano ziko nchi nyingi. Chukudu iko hapa. Na uichore ikiwa na mzigo, usiichore tupu.

---

TabuloKatuba:

Mama Rangi, nakusalimu kutoka Lubumbashi. Mimi ni mzee wa tabulo, yaani picha za kuchora za kutundika ukutani, nimechora tangu ujana wangu, siku zile tulibeba tabulo begani mtaa kwa mtaa, Kenya, Katuba, Kamalondo, tunapiga hodi kwenye nyumba za wafanyakazi siku ya mshahara.

Kwanza nakurekebisha kwa heshima. Si kweli kwamba watu wetu hawataki mandhari. Miaka ile ya sabini nilichouza zaidi kilikuwa mandhari: nyumba za nyasi, michikichi, mto, jua linazama, mwanamke anarudi na maji. Walionunua walitoka Kasai, walitoka Luapula, walitoka vijijini kwa kazi ya shaba. Baba amekaa saloni yake ya Katuba, juu ya kochi kuna kijiji ambacho hajakiona miaka ishirini. Nilijua hakikuwa kijiji chake hasa, maana nilikichora kwa kichwa. Yeye alikitazama akakiwekea jina. Na ndiyo maana huyo mjane wako simshangai hata kidogo.

Hapa kwetu hatuna mlima wa Mungu. Mlima wetu ni terili, lile rundo jeusi la takataka za shaba lililomwagwa na watu miaka na miaka, na bomba refu la moshi limesimama kando yake. Ukiuliza mtu wa Lubumbashi akuchoree mji wake kwa kidole kwenye vumbi, atachora pembetatu na mstari. Sasa jiulize ni kwa nini ilichukua muda terili kuingia kwenye tabulo. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake ya uchoraji hapa, wakati mji ukiitwa Elisabethville. Vijana wake walikuwa mafundi kweli: Pilipili na ndege na samaki wake, Mwenze na vistari vyake vilivyolala pamoja kama nyasi zilizopigwa na upepo, Bela aliyechora kwa ncha za vidole. Aliwakataza kuiga Ulaya, na hilo lilikuwa jema. Lakini tazama kazi zile: nyoka, swala, majani, wawindaji. Bomba la moshi lilikuwa linaonekana kutoka kwenye uwanja wake, na kwenye turubai halimo. Wazungu walionunua walitaka Afrika ya kabla yao.

Aliyefungua mlango kwangu ni Tshibumba Kanda-Matulu. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi hii, tabulo zaidi ya mia, kutoka kwa mababu hadi Mobutu, zikanunuliwa na profesa Johannes Fabian aliyekuwa akifundisha hapa. Alichora na wafanyakazi wa mgodi waliopigwa risasi mwaka 1941. Kwake ardhi haikuwa pambo la nyuma. Ilikuwa mahali jambo lilipotokea. Na siku hizi yupo mtoto wetu Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa, aliyechukua picha za magofu ya viwanda akaweka juu yake watu wa zamani waliokatwa kutoka picha za ukoloni, wafanyakazi wenye minyororo shingoni, wamesimama mbele ya vyuma vilivyooza. Nilipoziona niliketi chini. Baba yangu alifanya kazi kwenye tanuri lile miaka 31, akaondoka na kikohozi na karatasi moja. Katika picha hizo kwa mara ya kwanza niliona mahali alipokuwa akienda kila asubuhi.

Sasa ufundi, maana ndicho ulichokuja kutafuta. Mwalimu amekuambia jinsi wenyeji walivyoondolewa kwenye picha. Mimi nakuambia kuna njia nyingine ya kumwondoa mtu huku ukimchora. Umfanye mdogo. Tafuta kwenye kitabu chako picha ya Albert Bierstadt ya mwaka 1863, milima ya Rocky yenye kilele alichokiita Lander. Mbele kuna kambi ya Washoshone, watu, farasi, mahema, nyama. Wamechorwa kwa uangalifu kabisa. Lakini jicho linavutwa kwenye maji meupe katikati na theluji juu, na watu wale wanabaki kama changarawe. Kijitabu kilichokwenda na picha hiyo kilitamani siku moja mji wa wajukuu wa Wamarekani usimame pale penye mahema. Ona basi: wamo, na bado wamekwisha kuondolewa.

Cole naye alijichora kwenye ule mto uliojikunja, kichwa chenye kofia kati ya miamba, mdogo kama sisimizi. Ila yeye ameshika brashi na amegeuka anatutazama. Tofauti ni hiyo. Kipimo cha mtu ndiyo siasa ya mandhari. Kabla ya kuchora mlima wako, kata kijiti chenye urefu wa mtoto wa darasa la pili, kisimamishe ukutani.

---

MamaRangi_Goma:

Papa wa Katuba, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Hilo la kijiti sitalisahau. Bierstadt nimemkuta, ukurasa wa katikati. Ni kweli, nilikuwa nimemtazama mara nyingi na watu wale sikuwaona.

Mwalimu, nina swali dogo: hapakuwa na mchoraji mweusi kati yao?

---

Mwalimu_Kadutu:

Alikuwapo, mama. Robert S. Duncanson, alizaliwa huru mwaka 1821, akachora mandhari Cincinnati, mji ulio kwenye mto Ohio. Ng'ambo ya mto huo ilikuwa Kentucky, na Kentucky ilikuwa nchi ya utumwa. Mwaka 1859, miaka miwili kabla ya vita, alichora bonde tulivu, ng'ombe wanarudi, vijana wawili wanatembea, na upinde wa mvua unaangukia juu ya paa la nyumba. Mtu anayeishi mwendo wa mtumbwi kutoka utumwani anachora amani. Wengine humlaumu kwa utulivu huo. Mimi nadhani alikuwa anadai nafasi yake katika nchi ile kwa kuichora vizuri kuliko waliomkatalia. Picha hiyo ilionyeshwa kwenye jengo la bunge Washington siku Rais Biden alipoapishwa, mwaka 2021.

---

Mtoto_wa_Rumangabo:

Yaya (dada) MamaRangi, kuna jambo hawa wazee hawajaligusa, nalo linakuhusu wewe kuliko wote. Nyiragongo yako imekwisha kuchorwa na mchoraji wa mandhari wa Marekani, na iko New York karibu miaka tisini sasa.

Babu yangu alikuwa mbebaji mizigo kwenye mbuga, na habari za Akeley nilizipata kwake kabla ya kuzisoma. Carl Akeley alikuwa Mmarekani wa jumba la makumbusho ya viumbe la New York. Mwaka 1921 alikuja kwenye volkano zetu akaua gorila watano ili awajaze na kuwaonyesha. Moyo ukamgeuka, akaanza kuomba gorila walindwe. Mfalme Albert wa Ubelgiji naye alikuwa ametembelea mbuga za Marekani mwaka 1919. Hizo mbuga za Moran na Watkins, ndiyo. Mwaka 1925 ikazaliwa Mbuga ya Taifa ya Albert, ya kwanza ya namna hiyo Afrika, ambayo leo ni Virunga. Basi unaona ule uzi? Picha zilizochorwa Yellowstone zilizaa sheria huko, na sheria ile ikatua kwenye mlima unaouona kutoka dirishani kwako.

Akeley alirudi mwaka 1926 na mchoraji William R. Leigh. Huyu kazi yake ilikuwa kuchora magharibi ya Marekani, makorongo, jangwa, farasi. Akeley akafia huko juu Novemba ile, akazikwa Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi. Leigh akachora mandhari ya kuweka nyuma ya gorila, na ukumbi ukafunguliwa mwaka 1936. Mimi nimeuona kwenye picha za mtandaoni tu: gorila dume anapiga kifua, majani mabichi, na nyuma kabisa volkano zetu kwenye ukuta uliopinda, anga pana, ukungu bondeni.

Ni kazi nzuri sana, siwezi kusema vingine. Lakini nilitafuta moshi wa jiko hata mmoja kule bondeni. Babu alizaliwa bondeni. Mbuga ilipopanuliwa, wakulima na wafugaji walihamishwa, ukoo wetu ukiwa kati yao, na aliporudi juu alirudi akiwa amebeba kreti za wageni kichwani. Mamilioni ya watoto wa Marekani wamesimama mbele ya kioo kile wakaambiwa hiyo ndiyo Kongo.

Yaya, sisemi usichore gorila. Nasema ukuta wako ni wa pili. Wa kwanza upo tayari, nao hauna mtu.

---

MamaRangi_Goma:

Nimekaa kimya siku nne kwa sababu nilikuwa shuleni. Kijana wa Rumangabo, ujumbe wako niliusomea darasa zima, pamoja na direkta.

Nilifanya hivi. Niliwapa watoto wa darasa la pili nusu karatasi kila mmoja, nikawaambia: chora unachokiona ukifungua mlango asubuhi. Walikuwa 47. Mlima uko kwenye karatasi 29. Bidoni (madumu ya maji) za njano ziko kwenye karatasi nyingi kuliko mlima, zimepangwa foleni kwenye bomba, nyingine kubwa kuliko nyumba. Chukudu zipo, Chukudu_Kibumba atafurahi, na zote zina mzigo. Mitumbwi ya kuvulia sambaza, samaki wadogo wa ziwa, ipo, na taa zake tatu tatu. Mtoto mmoja alichora mto na daraja la miti. Nikamwambia, hapa Goma hatuna mto. Akasema: "Mi nafunguaka mlango ya kwetu." Kwao ni mbali na hapa, wamekuja kukimbia. Nimeuweka mto wake. Utatoka upande wa kushoto wa ukuta, uishie kwenye ziwa, na wanajiografia wanisamehe.

Msichana mmoja alinishika sketi nikiwa nachora mlima ubaoni kwa chaki. Nilikuwa nimewaonyesha ukurasa wa Cotopaxi, nikasema nitachora anga kama hii. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, hii njo Nyiragongo?" Nikamwambia ni ndugu yake wa mbali. Akasema, "Basi yetu usiiweke ile nyekundu." Mwaka 2021 alikuwa bado anabebwa mgongoni. Sijui anakumbuka au anakumbuka kwa macho ya mama yake.

Miaka minne nilikuwa natafuta ukuta wa kuchorea wekundu ule. Nimeuacha. Church alikuwa na haki ya kuwachorea watu wazima moto wao, na mimi nitachora wa kwangu siku moja, kwenye turubai, nitundike chumbani kwangu. Kwenye uwanja wa watoto mlima utakuwa wa saa kumi na mbili asubuhi, moshi wake mweupe umeelekea upande mmoja, na bondeni moshi wa majiko. Watoto watasimama mbele kwa kimo chao halisi, sentimita 120, kwa kijiti cha Papa wa Katuba. Mtoto akisimama ukutani bega lake litagusana na bega la aliyechorwa. Kuna nafasi moja nimeiacha wazi kati ya mabega mawili, pana kama mtoto mmoja, chini nimechora kivuli tu. Direkta aliuliza ni ya nani. Nikamwomba asimame hapo. Ni mfupi kwake, ikabidi apige magoti, na watoto wakapiga makofi.

Ile nyumba ya mjane nayo ipo, chini ya mlima, na pazia lake la kijani. Nilimfuata kumwomba ruhusa. Alitaka mparachichi uwe na matunda.

Lipu inakauka hadi Jumatatu, ndipo nianze na mstari wa mlima. Mawe ya lava yananyonya maji kutoka chini, na mvua za hapa mnazijua. Mwenye kujua jinsi ya kuuandaa ukuta wa namna hiyo ili rangi ya buluu isipauke aniambie kabla ya Jumapili jioni. Nina chokaa, gundi ya mbao na rangi ya maji ndoo mbili.